Zako Tia Maji

Keti, mgeni wa wizara. Legeza tai.
Shingo yako nimeiona tangu mlangoni,
imetutumka kama ya kanga aliyenyonyolewa.
Nani kakufanyia hivi?

Mwenyewe, unasema. Alfajiri, ndevu kavu, umeme umekatika,
wembe wa juma lililopita,
na maji ya bomba yasiyotaka kutoa povu.
Kisha ukajipaka spiriti.
Kisha ukatoka, ukakutana na upepo wa Agosti
na vumbi lake lote.
Baba, hata ukuta ungewasha.

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji.
Watu hulisema neno hili kwa kutishana,
kana kwamba wembe ni askari anayepita nyumba kwa nyumba.
Mimi Madeje, kinyozi wa Chang'ombe mwaka wa kumi na moja,
nasikia pale neno moja tu: maji.
Aliyelitunga alikuwa na ndevu ngumu
na mtu wa kumwonea huruma.

Kwa hiyo subiri.
Taulo ni la moto, si la kuunguza.
Lala nalo usoni, hesabu mabehewa ya treni ya mizigo.
Likifika la ishirini
ndevu zitakuwa zimelegea kama mlenda.
Maji haya ni ya mvua, niliyakinga mwezi wa pili.
Ya kisima yana chumvi. Hayo nadekia.

Nilianza kwa puto.
Marehemu Chilongani alilipuliza, akalipaka povu,
akanipa wembe: nyoa, lisipasuke.
Nilipasua tisa.
La kumi nilikwenda nalo nyumbani nimelishika kwa uzi,
mwanamke mzima, mtaa wote ukinitazama.

Kabla ya hapo nilipogoa mizabibu Hombolo,
na huko ndiko nilikojua
kila kiotacho kina upande kinakoelekea.
Shavuni zako zinashuka.
Hapa kooni zinapinda, zinazunguka
kama maji yanayotafuta tundu.
Tunakwenda nazo.
Nyinyi hupanda kinyume, mkitaka kidevu kiwe sahani;
unywele unakatikia chini ya ngozi,
unakosa njia, unajikunja,
unaanza kuota ndani yako mwenyewe.
Hicho ndicho kipele.

Wembe mpya, ona, naufungua mbele yako.
Siubonyezi. Uzito wake unautosha.
Napita mara moja, nasuuza, napita pengine.
Vikibaki vinyweleo viwili vitatu, vibaki.
Vimekukosea nini?

Mbona umenyamaza?
Usimeze mate sasa, niko kooni.

Nini?

Miezi minane, unasema,
tangu barua ya uhamisho,
mama watoto yuko Temeke kwa ajili ya shule,
miezi minane
hakuna mtu aliyekugusa uso.

Sina la kujibu. Nabadilisha maji.
Nje bodaboda inagoma kuwaka,
inagoma,
inawaka.
Shavu la pili nalianza polepole kuliko la kwanza,
wala halina ndevu nyingi hivyo.

Haya. Maji ya baridi.
Usisugue, gusagusa tu na kitambaa,
kama unavyomkausha mtoto aliyelala.
Mafuta ya alizeti, tone moja.
Spiriti waachie wauguzi.
Kesho usinyoe, na keshokutwa ukiweza.
Wizara haitaanguka.

Kioo kile pale.
Elfu tatu.
Na usijikune.